Karatasi Zilizobaki Mimbarini

Kazi yangu katika kongamano la Tartu ilikuwa ndogo:
kukaa kiti cha mbele, saa mkononi,
vibao vitatu magotini:
TANO. MOJA. BASI.
Siku tatu sikusema neno,
na maprofesa wakanitii kama watoto wa chekechea,
au hawakunitii.

Nje, Februari ilikuwa imeufunga mto kwa barafu.
Makoti yalidondosha maji ukutani.

Profesa Vahtramäe alisoma.
Alisoma neno kwa neno, koma kwa koma,
kurasa kumi na tisa za taipureta
juu ya kengele za makanisa ya visiwani,
kainama kama atafutaye sindano zuliani.
Utosi wake tuliujua kuliko uso.
Alipofika "kama mnavyoona kwenye picha hii"
hapakuwa na picha.
Nikainua TANO. Nikainua MOJA. Nikainua BASI.
Nani asomaye kibao na macho yako karatasini?

Taavet Ilumäe akaja mikono mitupu.
"Yote ninayo humu," akajigonga paji la uso,
akatembea huku na huko, maneno yakimtiririka,
nasi tukamwonea wivu
hadi dakika ya saba, upepo ulipougonga mlango.
Akageuka. Akarudi. Neno halipo.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
kumbe msemo ule si wa wenye maduka peke yao.
Akavitazama viganja vyake
kama kwamba huenda mtu kamwandikia kitu pale.
Mimi, mwenye saa, nikaona aibu kuitazama saa.

Kisha Hilje Raudnask, mtafiti wa vinamasi.
Kadi zake ndogo kama karata,
zimetobolewa pembeni, zimefungwa uzi mwekundu wa kufumia.
Hakuzisoma. Alizigusa tu,
kama mtu apapasaye ukuta chumbani mwake gizani:
anaujua, ila anaushika.
Jicho chini, jicho juu, anatukuta.
Alitaja tope la miaka elfu nane
kwa sauti ya mtu anayemtaja bibi yake.
Mahali fulani akanyamaza, akatabasamu, akangoja.
Hatukujua tunaongojwa ni sisi.
Mmoja akakohoa.
Akafunua kadi nyingine.

Jioni wakaenda kula samaki wa kuvuta moshi,
mimi nikabaki kufuta meza.
Taavet hakuacha kitu
ila bilauri iliyojaa, na alama za vidole.
Kadi za Hilje zilikuwa chini ya mikrofoni.
Nikazipekua, Mungu anisamehe.
Ya sita: PUNGUZA MWENDO.
Ya saba: HAPA WATACHEKA.
Nikaurudia ule mzaha wa chura na mhandisi,
na nikacheka, peke yangu, saa tano nimechelewa,
ukumbi mzima ukanirudishia.

Karatasi za Profesa zilikuwa zimegeuka rangi ya chai.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko mwembamba usio wake:
"Endel, hapa inua macho."
Ukurasa wa tatu. Wa nane. Wa kumi na nne.
"Hapa inua macho, nipo safu ya nne."

Safu ya nne niliikumbuka.
Asubuhi aliweka kofia yake pale, kiti cha kando ya dirisha.
Bibi mmoja alitaka kukaa, akamwambia,
"Samahani, kina mtu."
Nilikihesabu kiti kile, siku nzima, kuwa kitupu.

Kesho yake nikamkuta ukumbini, anavua glavu.
Nikampa kurasa zake.
Akalowesha kidole, akahesabu moja moja,
mpaka kumi na tisa.
"Zote zipo," akasema, akiziambia karatasi.
Nilitaka kusema jambo.
Lakini kazi yangu ilikuwa kunyamaza,
na msemaji wa saa tatu alikwisha kuanza kugonga mikrofoni,
akitikisa bahasha tupu,
akitafuta ukurasa wa kwanza.
Nikakaa. Nikapanga vibao,
TANO juu.